Kurudi nyumbani kutoka ughaibuni wakati wa janga: piga hesabu ukianzia mwisho

Mtu anayekwama ughaibuni wakati wa janga la dunia mara nyingi hakwamishwi na ugonjwa wenyewe. Hukwamishwa na cheti cha kipimo kilichopita muda wake kwa saa sita, na masharti ya nchi ya kupitia ambayo hakuyasoma, au na pasipoti iliyobakiza miezi minne. Siku za kawaida makosa hayo yana dawa: unanunua tiketi nyingine, kesho yake unaondoka. Wakati wa janga ndege inayofuata huenda ikawa baada ya wiki mbili, au isiwepo kabisa. Ndiyo maana safari hii hupangwa kinyume na nyingine. Anza na dakika ya kutua nyumbani, kisha urudi nyuma saa kwa saa mpaka ufike leo.

Mifano iliyomo humu imetoka kwenye UVIKO-19, kuanzia Januari 2020 ilipotangazwa dharura ya afya ya kimataifa hadi Mei 2023 dharura hiyo ilipoondolewa. Janga jingine litakuja na vipimo vyake na siku zake, lakini vizuizi ni vile vile: mpaka, shirika la ndege, maabara, karantini.

Hatua ya 1: Amua ndani ya siku moja, unaondoka au unabaki

Mipaka hufungwa haraka kuliko mtu anavyoweza kufungasha. Mwezi Machi 2020 Peru ilitangaza tarehe 15 na kufunga tarehe 16, maelfu ya wageni wakiwa bado ndani. India ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa kuanzia tarehe 22 Machi, na mpango wa serikali wa kuwarudisha raia wake ulianza tarehe 7 Mei, zaidi ya wiki sita baadaye. Aliyesema "ngoja nione wiki ijayo itakuwaje" ndiye aliyengoja muda wote huo.

Jiulize mambo manne. Je, kibali chako cha kukaa kina angalau miezi mitatu mbele? Je, ukiugua leo, kuna bima au hospitali itakayokupokea? Je, mahali unapolala ni pako kwa miezi hiyo, au ni bweni na nyumba ya mwajiri ambavyo vinaweza kufungwa? Je, dawa unazotumia kila siku zinapatikana hapo ulipo? Yote manne yakiwa ndiyo, kubaki kunaweza kuwa salama kuliko kusafiri. Hata mawili yakiwa hapana, ondoka mapema kwa ndege za kawaida wakati bado zipo. Usikae kusubiri ndege ya serikali kwa kudhani itakuwa nafuu, kwa sababu nyingi zilitoza nauli, na viti viligawiwa kwa orodha ya vipaumbele.

Watu wengi huchanganya haki na kiti. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya 12(4), unasema mtu asinyimwe kiholela haki ya kuingia katika nchi yake. Haki hiyo ni ya kweli na unaweza kuitaja. Lakini hailazimishi shirika lolote la ndege kukubeba, wala haiizuii nchi ya kupitia kukukatalia.

Asiondoke mwenye dalili, wala anayesubiri majibu ya kipimo. Mjamzito aulize kwanza: mashirika mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na hukataa kabisa kuanzia wiki ya 36.

Hatua ya 2: Weka karatasi sawa kabla ya kununua chochote

Fungua pasipoti uangalie tarehe ya mwisho. Nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita zaidi kuanzia siku unapoingia. Nyumbani utaingia hata ikiwa imebakiza wiki, ila nchi ya kupitia inaweza kukukatalia. Kama imekwisha na ubalozi umefunga dirisha la pasipoti, omba hati ya dharura ya kusafiria. Ni ya safari moja tu, na kuna nchi za kupitia zisizoitambua, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia tiketi: "Abiria mwenye hati hii, bila pasipoti, anaruhusiwa kubadilisha ndege kwenye uwanja wenu?" Jibu lao lipate kwa maandishi.

Jiandikishe ubalozini siku hiyo hiyo. Toa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, anwani ya unapolala, namba mbili za simu (moja ya ndugu aliyeko nyumbani), na hali ya afya inayohitaji uangalizi. Ndege za kurudisha raia zilipopangwa, orodha zilianzia hapo. Asiyeandikwa hajulikani kwamba yupo.

Kama viza inakaribia kuisha, omba kuongezewa muda kabla ya siku yake ya mwisho, hata kama unaamini utaondoka. Mwaka 2020 nchi nyingi ziliongeza muda zenyewe, lakini anayeulizwa mpakani ni wewe, siyo tangazo. Hifadhi risiti ya maombi, taarifa ya ndege iliyofutwa, na picha ya tangazo la uhamiaji yenye tarehe. Faini na marufuku ya kurudi hutolewa kwa yule asiye na cha kuonyesha.

Mwenye pasipoti iliyoshikiliwa na mwajiri asingoje kupata tiketi ndipo aiombe. Aombe sasa, kwa ujumbe wa maandishi, na aueleze ubalozi. Katika nchi nyingi ni kosa mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi.

Halafu kuna kitabu cha njano, yaani cheti cha chanjo. Watu wanashughulika na janga jipya mpaka wanasahau homa ya manjano. Chanjo yake huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha yote. Nchi kadhaa hukidai kwa abiria aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo, hata kama hakutoka nje ya uwanja.

Hatua ya 3: Tiketi moja, namba moja, njia fupi

Nunua safari yote kwenye tiketi moja. Tiketi mbili tofauti huonekana rahisi, lakini ukifika katikati itabidi upitie uhamiaji wa nchi ile, uchukue mizigo, uandikishe upya. Nchi iliyofunga mpaka haitakuruhusu kupita uhamiaji, kwa hiyo utabaki upande wa ndani huku mizigo ikizunguka upande wa nje. Isitoshe, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili hulidai wala halikujui.

Kila nchi unayogusa ina masharti yake, hata kama hutoki kwenye uwanja. Njia yenye kituo kimoja ina nchi tatu za kusoma: unakotoka, unakopita, unakoenda. Njia yenye vituo viwili ina nne, na ugumu unaongezeka kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha. Afadhali ulipe zaidi kupunguza kituo kimoja.

Ukishalipa, tafuta vitu viwili kwenye karatasi ya tiketi. Cha kwanza ni kumbukumbu ya nafasi, herufi na tarakimu sita. Cha pili ni namba ya tiketi yenyewe, tarakimu 13. Kumbukumbu bila namba ya tarakimu 13 maana yake kiti kimeshikiliwa tu, tiketi haijatolewa, na kinaweza kuachiwa usiku huo huo. Mawakala walaghai hupenda kutuma hiyo kumbukumbu peke yake, na mtu akiona jina lake limeandikwa anatulia. Ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe uikague. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke picha ya tiketi mtandaoni: mwenye jina lako na kumbukumbu ile anaweza kuibadilisha safari yako.

Ukisikia ndege itafutwa, usiifute wewe. Abiria anayefuta mwenyewe mara nyingi hupewa vocha au hapewi kitu. Shirika likifuta, sheria za nchi nyingi zinalitaka lirudishe nauli. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 261 ya mwaka 2004, hutaka ilipwe ndani ya siku saba, na vocha itolewe kwa hiari ya abiria tu. Lipa kwa kadi ukiweza, kwani benki ina utaratibu wa kupinga malipo na fedha taslimu hazina.

Bima ya safari isome sehemu ya yasiyolipiwa. Nyingi hazilipii janga, au hazilipii tukio lililokwisha kutangazwa kabla hujanunua bima.

Hatua ya 4: Saa 72, na jinsi watu wanavyozihesabu vibaya

Hapa ndipo safari nyingi zilipovunjikia. Wakati wa UVIKO-19 sharti lilisema "kipimo cha PCR ndani ya saa 72", yaani kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Saa hizo zinaanza pale kijiti kilipoingia puani, siyo majibu yalipotoka. Na zinaishia wapi? Nchi nyingine zilihesabu mpaka ndege ya kwanza inapoondoka, nyingine mpaka ndege ya mwisho inapoondoka, nyingine mpaka unapotua. Tofauti hiyo inaweza kufika siku nzima.

Chukua mfano. Ndege ya kwanza inaondoka Ijumaa 22:00 na kutua Jumamosi 05:00. Unasubiri saa 9. Ndege ya pili inaondoka 14:00 na kutua nyumbani 20:00, Jumamosi. Saa zote hizo tumeziweka kwenye majira ya aina moja (GMT), nawe fanya hivyo kwanza, vinginevyo tofauti ya majira itakudanganya.

Kama nchi yako inahesabu mpaka kutua, rudi nyuma saa 72 kutoka Jumamosi 20:00: unapata Jumatano 20:00. Sampuli ya kabla ya hapo haifai. Maabara usiku imefungwa, basi miadi yako ni Alhamisi 08:00. Majibu yakichukua saa 24 yanatoka Ijumaa 08:00, na una saa 14 za kurekebisha kosa la jina au kuchapisha. Majibu yakichukua saa 36 yanatoka Ijumaa 20:00, saa mbili kabla ya kuondoka, wakati kaunta nyingi hufunga dakika 60 kabla. Hapo umeshachelewa, labda uwe tayari umesimama uwanjani. Na upande wa pili: sampuli ya Alhamisi 08:00 inakufa Jumapili 08:00. Ndege ikichelewa zaidi ya saa 12, cheti kimekufa ukiwa hewani au ukiwa umekaa kituo cha kati.

Kwa hiyo chagua maabara kwa kasi na uaminifu wake kwanza, bei baadaye. Uliza: "Majibu yaliyochelewa zaidi wiki iliyopita yalichukua saa ngapi?" Hilo ndilo swali, wastani haukusaidii. Na jua mapema kama uwanja wa kituo cha kati una mahali pa kupima bila kupita uhamiaji.

Jambo moja linatuhusu sisi tunaosema Kiswahili. Tiketi ya tarehe 14 saa 00:40 ni usiku wa kuamkia tarehe 14, maana yake unakwenda uwanjani tarehe 13 jioni. Na 02:00 ya kwenye tiketi ndiyo saa nane usiku, siyo saa mbili. Andika kila saa kwa tarakimu za tiketi, na unapomweleza ndugu wa kukupokea, mtajie siku mbili zote: "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi".

Hatua ya 5: Kilicho kwenye cheti

Karani wa kaunta hasomi moyo wako, anasoma karatasi. Mashirika hukagua masharti kwenye mfumo uitwao Timatic, na likikupeleka mahali usipokubaliwa, shirika hutozwa faini na kukurudisha lilikokutoa. Ndiyo maana karani hana huruma kwenye herufi moja. Kabla hujatoka maabara, au punde majibu yanapofika, kagua:

- jina, kwa mpangilio na herufi za pasipoti (siyo jina unaloitwa);
- tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti;
- tarehe na saa ya kuchukua sampuli, mbali na saa ya kutoa majibu;
- aina ya kipimo, iandikwe PCR waziwazi kama ndiyo inayotakiwa, kwani kipimo cha haraka cha antijeni hakihesabiki mahali pote;
- jina na anwani ya maabara, mhuri au msimbo wa kuskani unaofunguka;
- lugha inayokubalika unakopita na unakoenda.

Saa ya sampuli ndiyo hukosekana zaidi. Cheti chenye tarehe bila saa huchukuliwa na karani mkali kama sampuli ya usiku wa manane wa kuanza siku, na saa zako kadhaa zimepotea. Chapisha nakala tatu. Simu huzima, na viwanja vingi havina intaneti kwenye foleni ya afya.

Majibu yakitoka chanya, usipime tena maabara nyingine kwa kificho ukitafuta hasi. Piga simu shirika la ndege siku hiyo usogeze tarehe, jitenge, hesabu siku. Kwa aliyekwisha kupona hali ni tofauti. PCR hushika hata mabaki ya kirusi kilichokufa, na wengine waliendelea kuonyesha chanya kwa wiki nyingi, hadi siku 90, bila kuambukiza. Nchi kadhaa zilikubali majibu ya zamani ya chanya pamoja na barua ya daktari ya kupona. Anayejua hilo hatupi karatasi ya siku alipougua.

Cheti cha kununua mitaani usikiguse. Msimbo wake hausomeki, na kesi yake ni ya jinai.

Hatua ya 6: Begi la mkononi na saa za ndani ya ndege

Mizigo mikubwa inaweza kuachwa au kuchelewa, kwa hiyo kila unachohitaji kwa siku tatu kikae mkononi. Dawa ziwe za siku 30 na zaidi, kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la dawa yenyewe, siyo la kibiashara tu. Insulini haiwekwi kwenye mizigo ya chini: baridi ya huko inaweza kuigandisha, na iliyoganda haifai tena. Betri ya akiba ya simu nayo hubebwa mkononi, isizidi saa-wati 100. Kitakasa mikono kiwe na alkoholi asilimia 60 au zaidi, chupa ya mililita 100. Weka kalamu yako. Foleni nzima ikigombania kalamu moja, umbali haupo tena.

Barakoa ya N95 au FFP2 ina kazi ikishika uso tu. Ivae, bana chuma cha puani kwa vidole viwili vya mikono yote, kisha funika mbele kwa viganja na upumue nje kwa nguvu. Ukihisi hewa ikipanda machoni, bana tena. Ikitokea mashavuni, kaza kamba. Ndevu huvunja mshiko huo, zinyoe kabla ya safari. Beba angalau nne, ubadilishe ikilowa.

Hewa ya ndani ya ndege si mbaya kama inavyodhaniwa. Hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa, na vichujio vya HEPA hukamata asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Hatari ni wakati wa kupanda na kushuka, ambapo mfumo unaweza kuwa umezimwa na watu wamebanana. Hapo usivue barakoa hata kunywa maji. Wakati wa chakula, acha jirani ale kwanza, avae, ndipo wewe ule. Inuka utembee kila baada ya saa mbili ili damu isigande miguuni.

Hatua ya 7: Kutua

Fomu ya afya ijaze kabla ya kuondoka na upige picha ya msimbo wake. Usimeze dawa ya kushusha homa ili upite kipimajoto: unalipeleka tatizo nyumbani kwa wazazi. Akupokee mtu mmoja tu. Kaa kiti cha nyuma upande wa pili wa dereva, madirisha wazi, wote wawili na barakoa. Kukumbatiana kungoje, na uwaambie ndugu hilo siku tatu kabla ya safari, maana pale mlangoni hakuna atakayekuwa na moyo wa kukataa.

Hatua ya 8: Siku 14 za karantini zinavyohesabiwa

Siku ya kutua ni siku ya 0. Ukitua tarehe 3, siku ya 14 ni tarehe 17. Dalili za UVIKO-19 zilijitokeza kwa wastani siku ya tano baada ya kuambukizwa, wachache mpaka siku ya 14. Ndiyo sababu majibu hasi ya siku ya kwanza hayakufungulii mlango: kirusi kinaweza kuwemo, kichache mno kuonekana. Fuata idadi ya siku inayotangazwa na wizara ya afya kwa janga la wakati huo.

Chumba kiwe na dirisha linalofunguka upande wa nje, na mlango wa kuelekea wengine ufungwe. Chakula kiachwe mlangoni. Choo kikiwa kimoja, wewe ingia wa mwisho, acha dirisha wazi, kisha futa bomba, kitasa na kiti kwa maji ya klorini ya asilimia 0.1. Ukiwa na klorini ya dukani ya asilimia 5, pima mililita 20 na uongeze maji mililita 980. Sugua uchafu kwa sabuni kwanza, kwani klorini hushindwa juu ya uchafu, kisha ipake, acha dakika 10, suuza. Changanya mpya kila siku, na usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa nyingine ya choo, kwa kuwa hutoa gesi inayochoma mapafu.

Pima joto asubuhi na jioni na uandike. Ukiwa na kipima oksijeni cha kidoleni, pasha mkono moto kwanza, ondoa rangi ya kucha, kaa tuli dakika moja. Chini ya asilimia 94 mpigie daktari. Chini ya 90 ni dharura. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki huweza kusoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo mtu anayehema kwa shida asitulizwe na namba nzuri. Maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, midomo kuwa ya bluu (angalia ndani ya midomo na kwenye kucha), hivyo ni vya kwenda hospitali mara moja, ukiwapigia kwanza wajiandae.

Mwenzako wa nyumba akigusana nawe karibu siku ya 9, na wewe baadaye ukapatikana na ugonjwa, siku zake yeye zinaanza upya tangu mara ya mwisho mlipogusana. Hili huzua ugomvi mkubwa, bora lisemwe mwanzoni.

Ukiwa ndani humo, shughulikia madai. Muda wa kupinga malipo ya kadi mara nyingi ni siku 120, na bima huwa na muda wake mfupi zaidi. Tuma risiti za kipimo, hoteli ya karantini na ndege iliyofutwa kwa barua moja yenye namba ya tiketi ya tarakimu 13, na pasi ya kupandia ndege usiitupe mpaka pesa ziingie.